Sauti ya Kiti cha Kushoto

Wateja wangu wengi walitaka kelele. Siwasemi vibaya, kwa sababu kelele hiyo ndiyo iliyonilisha, lakini ukweli ni huo. Mwenye matatu alikuja kwenye kibanda changu nyuma ya steji ya Kisii, akafungua buti na kuniambia, "Makori, weka besi mpaka vioo vitetemeke." Niliweka. Vioo vilitetemeka, abiria wakaziba masikio, naye akaondoka akichekacheka kama bwana harusi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama mwimbaji alisikika anasema nini.

Bwana Subhash alikuwa tofauti, na mwanzoni tofauti hiyo ilinitia wazimu. Alikuwa na duka la vitambaa na nyuzi mjini, mzee mpole wa miaka sitini hivi, na Pijo 504 nyeupe aliyoitunza kuliko watu wengine wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Mara ya kwanza alikuja na redio ya kaseti iliyochoka. Nikamfungia nyingine. Wiki mbili baadaye akarudi.

"Fundi, bado haimbi."

Nikabadilisha spika zote nne. Akarudi tena, haimbi. Nikaongeza amplifaya. Akarudi, haimbi. Nilikuwa karibu kumfukuza, kwa sababu nilipowasha ile redio mimi mwenyewe iliimba vizuri kuliko kinanda cha kanisani kwetu.

Sasa hapo ndipo ujinga wetu sisi watu wa bara ulipotuponza. Mwalimu wangu wa Kiswahili alinichapa mara nyingi akinifundisha kwamba redio *haiimbi* na mtu *haimbi*. Lakini mjini Kisii ngeli tunazila njiani kama njugu. Mhindi husema haimbi, Mkisii husema haimbi, na kila kitu duniani kinakuwa mtu. Kwa hiyo miezi mitano mizima nilikuwa natengeneza redio, wakati mzee alikuwa ananiambia habari za mke wake.

Nililijua hilo mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua za El Niño zilizong'oa lami yote. Jay, mpwa wake Bwana Subhash, alirudi kutoka Dubai na redio mpya iliyofungwa kwenye boksi kama yai. Ilikuwa na herufi tatu mbele, DSP, nasi mafundi wa Kisii tukaiita disipi. Nilikuwa nimeisoma kwenye gazeti la mafundi tu. Usiku wa kwanza niliweka kitabu chake cha maelezo chini ya mto, nisikudanganye.

Nitakueleza ilivyofanya kazi, maana bila hilo huwezi kuelewa yaliyotokea. Ndani ya gari, hakuna anayekaa katikati. Spika moja iko karibu na goti lako, nyingine iko ng'ambo, na sauti ya ile ya karibu hukufikia kwanza. Ndiyo maana muziki wa gari husikika kama umeegemea upande mmoja. Disipi ilikuwa na kompyuta ndogo ndani yake. Unaipa umbali wa kila spika hadi kwenye sikio, nayo inaichelewesha ile ya karibu kidogo sana, kiasi ambacho huwezi kukihesabu, ili sauti zote zifike pamoja. Ukiipanga sawasawa, mwimbaji anatoka milangoni na kuja kukaa mbele yako, juu ya dashibodi. Taabu yake ni moja. Inapangwa kwa kiti kimoja tu, na mwenye kiti kingine anasikia ovyo.

"Nipange kiti chako, mzee?" nikamuuliza.

"Hapana. Ya mama," akasema, yaani mke wake.

"Basi wewe utakuwa unasikia vitu vimepinda."

"Mimi nimesikia ya kutosha," akasema. "Panga ya mama."

Nikamwambia nitahitaji mama mwenyewe aje akae, nipime mpaka kwenye sikio lake. Akasema hakuna haja. Alichukua chaki ya fundi cherehani mfukoni, akainama ndani ya gari, akachora alama mbili pembeni mwa kiti cha kushoto bila kusita. "Sikio iko hapa. Na hapa." Nilipima kwa futi ya kitambaa kutoka dukani kwake. Nilimtazama mzee huyo akifuta chaki vidoleni na nikajiuliza kama mimi ningejua sikio la Nyamoita, mke wangu, liko wapi hewani akiwa hayupo. Nisingejua.

Tukaenda kuijaribu kwenye barabara ya Nyamira. Nilikaa kushoto, yeye akaendesha akikwepa mashimo. Sauti ilikuwa kitu cha ajabu. Mwanamke wa kwenye kaseti alikaa mbele yangu nikamsikia akivuta pumzi.

"Sasa ataimba," mzee akasema.

"Anaimba tayari, mzee. Si unasikia?"

"Si huyu. Mama. Mama Lalita." Akanitazama kama mtu aliyechoka kurudia. "Mimi nakuambia kila siku, fundi. Haimbi."

Niliona haya mpaka shingoni. Yeye hakuona, macho yake yalikuwa barabarani, akaanza kusema.

"Miaka ishirini alikuwa anaimba hapo umekaa. Jumapili tunafunga duka, tunakuja hii barabara, anaimba na kaseti. Halafu anaongea, anaongea! Anaiga vile wale akina mama wa soko ya Daraja Mbili wanabishana bei ya ndizi, mimi nacheka mpaka gari inaenda kando. Sasa miaka minne anaangalia dirisha tu."

Mashamba ya majani chai yalitupita pande zote mbili. Aliendelea kwa sauti ya chini. Mama yake Lalita alikuwa ameugua, kule kwao ng'ambo, Rajkot. Barua ikaja. Lalita akasema anataka kwenda. Subhash akamwambia asubiri sikukuu ya Diwali ipite, kwa kuwa duka lilikuwa limejaa watu. Diwali haijafika, telegramu ikaja kwamba mama yake amefariki.

"Hakulia mbele yangu," akasema. "Baadaye kidogo akapata homa, wiki mbili kitandani. Alipoamka alikuwa mtu mwingine. Mezani akahamisha kiti yake. Dukani akahamisha stuli yake. Hataki tukae vile tulikuwa tunakaa. Ananichukia, fundi, na ana haki."

"Na hujamwomba msamaha?"

Nilitamani kuyameza maneno hayo. Kwetu Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mtu na watu wa umri wa wazazi wake. Mambo ya mzee na mkewe hayanihusu. Lakini hakukasirika.

"Mara tatu. Ndani ya gari hii hii. Nyumbani tuko watu tisa, na mimi mtu akiniangalia usoni maneno inakwama. Nikiendesha, inatoka. Nikamwambia *maaf*. Kwa lugha yetu ni nisamehe. Hajibu. Hata kichwa hageuzi." Akabadilisha gia bila sababu yoyote. "Sasa nikafikiria, kama redio ni nzuri, kama sauti ni ile ya zamani, labda atasahau kidogo na kuimba. Akiimba wimbo mmoja tu, mimi nitajua."

Nilimwonea huruma, nikaapa moyoni kwamba disipi hiyo nitaipanga mpaka malaika washuke kuisikiliza.

Jumatatu mama Lalita alikuja uani nyuma ya duka, sari imefunikwa na sweta, akaketi kwenye kiti cha kushoto. Alikuwa mwanamke mdogo, mchangamfu kwa wateja. Alikuja Kisii akiwa bi harusi na alijifunza Kikisii hapo dukani kabla ya Kiswahili, kwa hiyo mimi na yeye tuliongea Kikisii. Nikawasha.

"Mwimbaji yuko wapi, mama?"

Nilitegemea aonyeshe mbele yake. Akaonyesha dirishani, mlango wa kushoto.

Nikaongeza ucheleweshaji wa spika ya mlango huo. Akaonyesha dirishani. Nikapunguza sauti yake. Dirishani. "*Mbuya mono*," akanifariji, nzuri sana, lakini kidole kilibaki pale pale. Siku ya pili nilifungua milango yote nikakagua kila waya. Siku ya tatu nilikwenda kwa Jay na kumwambia machoni pake kwamba Dubai wamemuuzia takataka. Alinijibu kwamba takataka ni mikono yangu. Tulitukanana vizuri tu, na bado sauti ilikuwa dirishani.

Siku ya nne nikapata wazo. Nilimwomba mama ahamie kiti cha dereva, ili nijue kama kosa liko kwenye redio au kwenye mlango ule. Alicheka kama msichana, kwa sababu hajawahi kukaa pale. Nilizima spika zote, nikaacha moja tu, ya mlango wa kulia, karibu na goti lake. Hata kiziwi angesema iko kulia.

"Iko wapi, mama?"

Akaonyesha kushoto, kwenye kiti kitupu.

Nilizima redio. Nilisimama dirishani kwake, upande wa kulia, nikasema polepole, "Mama." Aliendelea kutazama dashibodi. Nikazunguka gari, nikainama dirisha la kushoto, nikasema vilevile, "Mama." Akageuka mara moja.

Tukatazamana. Alinisoma usoni, nami sikujua kuficha.

"Ni homa niliyougua miaka minne iliyopita," akasema. "Sikio la kulia lilikufa kabisa. Usimwambie."

"Kwa nini, mama? Mzee angekupeleka hospitali hata Nairobi."

"Nilishakwenda, nikasema naenda harusini. Hakuna dawa." Alikunja pembe ya sari yake kidoleni. "Mama mkwe wangu alikuwa kiziwi, katika nyumba hii hii. Watu walianza kwa kupaza sauti. Baadaye wakaacha kumwambia kitu. Mwisho walikuwa wanasema habari zake akiwa ameketi pale pale kati yao. Hata mimi nilifanya hivyo, Makori. Afadhali Subhash adhani nimenuna. Mtu aliyenuna bado wanamheshimu."

Nikaahidi. Ningefanya nini? Nilirudi kibandani nikiwa nimebeba siri mbili, moja bega hili na nyingine bega lile, na wenyewe wanalala nyumba moja. Mzee ameomba msamaha mara tatu kwenye sikio lililokufa. Mama anakaa kimya kwa sababu hajui kwamba ameambiwa kitu. Nikafikiria kwenda kwa mama nimwambie, "Mzee anakuomba radhi." Lakini msamaha ukiombwa na fundi wa redio si msamaha, ni umbea. Na kumwambia mzee ni kuvunja ahadi. Nilikuwa mkali kwa kila mtu wiki hiyo. Dereva mmoja aliyekuja kutaka besi nilimwambia akanunue ngoma.

Mimi ni Msabato, Jumamosi sigusi bisibisi, lakini Jumapili niko huru. Bwana Subhash akaniambia twende wote watatu, nisikilize disipi gari likiwa mwendoni, huenda kosa likaonekana. Nikakaa nyuma. Alikuwa amenyoa vizuri na amevaa shati jipya. Aliweka kaseti ile ya zamani, na kila wimbo ulipoanza alimtupia mke wake jicho la haraka, kisha akarudi barabarani. Mama alitazama dirishani. Nikaona shingo ya mzee ikishuka kidogo kidogo, wimbo baada ya wimbo, na sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku ile.

Tulipokaribia Nyamira alipunguza sauti ya redio. Akakohoa. Akaanza kusema kwa Kigujarati, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Sikijui Kigujarati, lakini nilisikia Rajkot, nikasikia *Ba*, ambayo ni mama, na nikasikia ile *maaf*. Mama Lalita alikuwa anawatazama wanawake wachuma chai upande wake. Mmoja alimpungia mkono, naye akampungia, akatabasamu.

Mzee aliona tabasamu lile. Akanyamaza.

"Mzee, simamisha gari," nikasema.

"Nini? Redio?"

"Simamisha tu."

Akasimamisha kando ya chai. Chinsoni yote niliyofundishwa ilinizuia, lakini nilikuwa na hasira pia, nikasema kwa ile sauti ninayotumia kumwelekeza mteja mbishi.

"Kwenye hili gari sauti nzuri inasikika kwenye dirisha la kushoto. Nimepima wiki nzima. Shuka, zunguka mbele, usimame pale dirishani kwa mama. Hayo uliyokuwa unasema, yaseme tena ukiwa pale."

"Fundi, mimi siwezi kusema nikiangaliwa."

"Basi usimwangalie. Angalia miguu yako. Lakini simama pale."

Alinitazama kwenye kioo. Nilidhani atanitoa garini nirudi Kisii kwa miguu. Akafungua mlango. Alizunguka mbele ya Pijo polepole, mkono ukigusa boneti, na mama akamfuata kwa macho asielewe kuna nini. Akashusha kioo. Mzee akashika ukingo wa dirisha kwa vidole vyake vyote, akainamisha kichwa na kutazama viatu vyake, akasema.

Maneno yalikuwa yale yale. Rajkot. *Ba*. *Maaf*.

Mama Lalita alimgeukia. Kisha akauliza kitu kifupi, nadhani kwa nini hakuyasema mapema. Mzee akainua kichwa kwa mshangao, akamjibu, na jibu lake nililielewa lote, kwa sababu majina ya mahali hayana tafsiri.

"Keroka," akasema. "Masimba. Kebirigo." Kisha akaonyesha barabara tuliyotoka, na kiti chake mwenyewe. "Leo."

Mama akafunika mdomo. Alikaa hivyo huku machozi yakimtiririka juu ya vidole, na mzee akaanza kuhangaika, akirudia *maaf, maaf*, akidhani ameharibu zaidi. Ndipo mama alipoinua mkono wake, akashika sikio lake la kulia, akalivuta mbele ya macho yake kama mtu anayeonyesha kitambaa kilichotoboka. Akatikisa kichwa. Akalipiga sikio hilo kwa kiganja, pa, pa, na kutikisa kichwa tena.

Sijui ilichukua muda gani. Mimi niligeuka nikatazama chai. Nilipotazama tena, mzee alikuwa ameweka kiganja chake juu ya sikio lile, amelifunika lote, na paji lake la uso lilikuwa limegusana na la mkewe pale dirishani.

"Makori," mama akaniita kwa Kikisii, akijifuta kwa pembe ya sari. "Njoo uendeshe wewe."

Nikahamia mbele. Wao wakaingia nyuma. Mzee alitaka kuingia upande wa kulia, kama alivyozoea, na mama akamsukuma begani. Yeye akaketi kulia, akamweka mume wake kushoto, kwenye sikio lililo hai. Nikawasha gari. Disipi ikaamka na wimbo ukamimina sauti yake yote safi kwenye kiti kitupu kando yangu. Nikanyoosha mkono nikaizima.

Baada ya maili moja mama Lalita akaanza. Alianza taratibu, halafu kwa sauti, halafu kwa kelele, na hata asiyejua Kigujarati angejua kwamba mzee anagombezwa. Aligombezwa kwa ajili ya Diwali ile na telegramu ile, kwa miaka minne yote, kituo kwa kituo. Nilimwangalia mzee kwenye kioo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kila mama alipotulia kuvuta pumzi, yeye alimsogelea zaidi na kusema, "Ha, Lalita. Ha," yaani ndiyo, endelea.

Aliendelea mpaka mlangoni mwa duka. Nilizima injini, nikaacha funguo palepale, nikashuka bila kuaga, kwa sababu mama alikuwa bado hajamaliza.